Tumbo, karuho na maji ya ziwa

(Mazungumzo mbele ya wanachama, Nyalukemba, Bukavu)

  Naona wamama wengine wamebeba watoto, basi sitarefusha.

Kila siku ya yenga nikishuka huku chini kwenye ziwa, nakuta watoto wanaoga, wamama wanafua, na mtu mzima mmoja anasema: "Kivu haiko na mamba, haiko na kiboko. Acha batoto baoge." Anasema kweli. Sisi tuliokaa Baraka, Uvira ao Kalemie tunajua mamba wa Tanganyika, na hapa hayuko. Lakini mimi nilipata ugonjwa wa maji bila kuumwa na mnyama yeyote, na ugonjwa ule ulivunja ujirani wa watu wawili. Njo hiyo nataka kuwaelezea leo.

Wengi munajua safari yetu, ju ni safari yenu pia. Mwaka wa 1996 nilikuwa mtoto, tukavuka Tanganyika mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Tuliporudia, tulikaa kwanza Baraka. Pale maisha yote yalikuwa ku maji: kuoga, kuteka, kufua, kucheza. Kiisha nikapanda Bukavu kwa masomo ya chuo kikuu, tukapanga nyumba hapa Nyalukemba.

Mwaka wa pili wa masomo nikaanza kuchoka bila kazi. Tumbo likauma, nikatoa damu ku choo, ikapotea, ikarudi. Mama akahesabu siku, akakumbuka kwamba nilikunywa kinywaji kwa jirani, kwenye matanga. Akasema: "Ni karuho." Munajua vile neno hili linakwenda hapa Kivu. Likishatoka, halirudi tena mdomoni. Tukaenda kwa mganga, nikatapishwa, pesa ya minerval ikaishia pale. Jirani akaacha kusalimiwa. Binti yake alipoolewa, hatukukanyaga.

Karibu mwaka ukapita. Halafu mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anasoma udaktari akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Uliwahi kuoga Tanganyika?" Nikapima choo mara mbili. Mara ya kwanza hawakuona kitu, mara ya pili wakaona mayai ya bilarzia, ile wengine wanaita kichocho. Nilikuwa na kilo 60 hivi, nikapewa vidonge 4 vya prazikanteli, nikavimeza siku moja, nikarudi nyumbani. Mwaka mzima wa chuki, na dawa yake ilikuwa ya siku moja.

Sasa muelewe namna ugonjwa unavyofanya kazi, ju ukiuelewa hautatafuta mchawi. Mtu mgonjwa anatoa mayai ndani ya choo kikubwa. Choo kikifika ku maji, mayai yanapasuka, vijidudu vinatafuta konokono wadogo wa majini na kuingia ndani yao. Baada ya majuma kadhaa konokono wanatoa vijidudu vingine, ambavyo jicho haliwezi kuona. Hivyo vinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, hata kama hakunywa tone moja. Vinakuwa minyoo ndani ya mishipa ya damu, na minyoo hiyo inaweza kukaa miaka mingi. Mayai mengine yanabaki ndani ya ini. Ini linakomaa, tumbo linajaa maji, mtu anaweza kutapika damu. Hapo njo majirani wanasema: "Wamemupa karuho."

Wengine watasema: hiyo ni ya Tanganyika, si ya Kivu. Hapana. Kisiwa cha Nkombo, upande wa Rwanda, si mbali na hapa, kinajulikana kwa watafiti kwa bilarzia ya tumbo, na kiko ndani ya Kivu hii hii. Na magonjwa yanasafiri pamoja na watu. Sambaza tunaokula hawakuwa wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisemi waliorudi ndio wameleta ugonjwa. Nasema wengi wetu tulioishi kando ya maziwa tunaweza kuwa tumeubeba bila kujua, na mtu wa kwanza tunayemuumiza ni sisi wenyewe.

Bilarzia pia haiko peke yake. Mtaa wetu uko ku mlima. Mvua ikinyesha, kuna wenye kufungulia choo mu mfereji, na mifereji pamoja na mto Kawa vyote vinamwaga ndani ya ziwa. Pale chini mtoto anaoga na kumeza maji. Kolera, tifoide, kuhara damu vinapita njia hiyo. Wakubwa munakumbuka Goma, Julai 1994: wakimbizi wengi walikunywa maji ya ziwa, na ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Ni ziwa hili hili.

Sikuja kuwaambia mufunge ziwa. Robine zikikauka siku tatu, mama ataenda ziwani, hata mimi nitaenda. Lakini mushike haya.

Moja: vijidudu vya bilarzia vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na saa sita mchana. Asubuhi na mapema ni afadhali, ijapokuwa hakuna saa isiyo na hatari. Muepuke pahali penye majani na konokono. Kujipangusa na taulo hakutoshi.

Mbili: maji ya kuoga yakikaa siku 2 ndani ya bidoni iliyofunikwa, vijidudu vya bilarzia vinakufa. Vya kolera havifi hivyo. Maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe klorini.

Tatu: mtoto asiende peke yake. Huku ziwa linashuka haraka, hatua chache na mguu haugusi tena chini.

Ine: kama uliishi kando ya ziwa na una tumbo lisiloisha, pima choo kabla ya kwenda kwa mganga. Mayai yanaonekana baada ya miezi karibu miwili, na kipimo kimoja kinaweza kuyakosa, basi rudia. Na dawa haizuii kuambukizwa tena. Ukirudi ku maji yale yale, unaweza kurudi na minyoo.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Kampeni nyingi za dawa zinapita ku shule, wazazi wanabaki nje. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba pahali ambapo watu 10 ao zaidi kati ya 100 wana ugonjwa, dawa itolewe kwa wote kuanzia miaka 2, wakubwa pia. Kabla ya tisheti na kalenda, mutusaidie kulipia vipimo vya wanachama, na vyoo ambavyo mvua haivibomoi.

Nimalize na jirani yetu. Alikuwa ameshahama. Mama alimutafuta, akamukuta, akapiga magoti na kuomba musamaha. Yule mama akamuinua, akamupa kiti. Lakini binti yake, aliyekuwa rafiki yangu, mpaka leo hajaingia kwetu, na simulaumu. Dawa ya minyoo tunayo. Kwa maneno tuliyosema juu ya mama yake, sikupewa kidonge.

 Mwenye swali aulize. Na kama ni swali la choo na unaona haya, nitabaki hapa mpaka jioni.