Chumba Chini ya Jiwe

Somo: Waefeso 5:8–14

Asubuhi ya leo nataka tusafiri pamoja, nanyi mkiwa mmeketi papo hapo mlipo, na kikombe cha chai mkononi.

Mimi ni mtu wa Chebunyo. Nimekulia kati ya ng'ombe na mahindi, na bahari niliijua kwa kusikia tu. Nilikuwa nimepita miaka 40 nilipopata nafasi ya kuvuka mpaka na wachungaji wenzangu, tukafika Unguja. Nilitamani sana kuliona Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, maana habari zake tulifundishwa chuoni. Pale palikuwa na soko la watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi. Wenyeji husimulia kwamba meza ya Bwana imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nilipiga magoti pale, nikashukuru. Nikasema moyoni: uovu umeshindwa, na habari yake imekwisha.

Siku ya pili tulipelekwa Mangapwani, kaskazini ya mji, mwendo wa kilometa 20 na zaidi. Kuna mapango mawili. La kwanza ni la asili, pango la mawe ya matumbawe, na chini yake mna maji baridi yasiyo na chumvi. Tulishuka, tukanawa uso, tukafurahi kama watoto.

La pili si pango hasa. Ni chumba kilichochongwa ndani ya mwamba kwa mikono ya watu, kikafunikwa kwa mawe juu. Mtu akipita mbali kidogo haoni ila jiwe na majani. Tulishuka ngazi. Mle ndani hewa ilikuwa nzito, na mwanga uliingia kidogo tu. Hakuna aliyetaka kusema neno.

Nilipopata sauti nikamwambia kijana aliyetuongoza, "Basi hapa ndipo walipowekwa kabla ya kupelekwa sokoni." Akatikisa kichwa. "Sivyo, baba. Soko lilikuwa limekwisha fungwa. Hiki kilijengwa kama mwaka 1880, ili watumwa wafichwe humu mchana na kupelekwa pwani usiku."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Jana yake nilishukuru kwa sababu soko lilifungwa. Kumbe soko lilipofungwa juu ya ardhi, wengine walilihamishia chini ya ardhi. Sheria iliondoa mti wa kuchapia, tamaa haikuiondoa. Wala tusinyoshee kidole taifa moja tu, kwa maana walionunua walikuwa wa mataifa mengi, na huku bara wako Waafrika waliowauza Waafrika wenzao.

Katika gari tukirudi mjini sikuweza kuzungumza. Nilikuwa nikifikiri juu ya Chebunyo.

Mwaka 2011 nchi yetu ya Kenya ilitunga sheria ya kukataza ukeketaji wa wasichana. Zamani jambo hilo lilifanywa wazi mwezi wa Desemba, kwa nyimbo na karamu, na majirani wote wakijua. Je, baada ya sheria lilikwisha? Katika nyumba nyingi limekwisha, na tumshukuru Mungu. Lakini katika nyumba nyingine limeshuka ngazi. Hakuna nyimbo wala karamu. Msichana anasemekana amekwenda kumtembelea shangazi yake. Anarudi akiwa kimya, na shule ikifunguliwa yeye haonekani.

Ninayasema haya kwa aibu, kwa kuwa mimi nilijua. Katika kanisa langu alikuwako mzee mmoja, rafiki yangu, mtu wa sala. Likizo moja binti yake mkubwa hakuonekana katika shule ya Jumapili. Nilipouliza, Mzee aliniambia, "Kasisi, mambo ya akina mama tuwaachie akina mama." Nami nikayaacha. Jumapili iliyofuata nilimpa ushirika, na sikumwambia neno. Sheria hiyo ya 2011 humhesabu kuwa mkosaji hata mtu ajuaye na asitoe habari. Lakini kabla ya sheria ya serikali, Mtume Paulo alikwisha kutuonya tusishirikiane na matendo ya giza, bali tuyatoe nje yaonekane. Mimi sikushika kisu. Nililiweka jiwe juu ya chumba.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa Mzee yule jioni. Nilimwambia habari za Mangapwani, kisha nikamwomba msamaha kwa kunyamaza kwangu. Nikamwambia kwamba kwa habari ya binti yake mdogo sitanyamaza tena. Nikisikia neno nitakwenda kwa chifu. Alikasirika. Alisimama akatoka nje, akaniacha nimekaa. Mkewe alikuwa jikoni akisikia yote. Alikuja, akaketi mbele yangu, akalia. Hakusema ila neno moja: "Asante."

Sitawadanganya kwamba mimi na Mzee tu marafiki kama zamani. Miezi mingi alikaa kiti cha nyuma kanisani. Lakini binti mdogo yuko shuleni, mzima. Na yule mkubwa amerudi darasani, ingawa alichonyang'anywa hakuna awezaye kumrudishia.

Msikilizaji mpendwa, pengine nyumbani mwako hakuna habari ya kisu. Lakini je, hakuna chumba? Labda ni msichana wa kazi asiyelipwa, alalaye stoo. Labda ni shamba la yatima uliloandikisha kwa jina lako. Mbele ya watu kuna kanisa zuri na meza ya Bwana. Kilometa chache kutoka hapo kuna ngazi zishukazo. Kristo hakuja kukaa sebuleni tu. Yeye hushuka ngazi hizo na taa mkononi, wala hashuki ili kutuaibisha, bali kuwatoa waliofungwa, na sisi tuliowafunga pia.

Desemba haiko mbali. Anayejua na aseme sasa.

Tuombe. Ee Bwana, uonaye chini ya mawe yetu, utusamehe kwa yale tuliyoyajua tukanyamaza. Uwalinde binti zetu. Utupe ujasiri wa kufungua mlango, na upendo wa kusema kweli bila chuki. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.