Krankshafti Inapokaza Baada ya Injini Kufungwa Upya
(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Sumbawanga)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lililokwisha kuvitia vyama hasara zaidi ya mara moja. Injini ya trekta kuukuu imefunguliwa, vipuri vipya vimetiwa, imefungwa, na krankshafti haizunguki, au inazunguka kwa kulazimishwa. Hapo hakosekani mtu wa kusema, "Italegea yenyewe ikianza kazi." Haitalegea.

Mwezi mmoja wa Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza huku Ufipa, chama kimoja kiliivuta trekta yake kwa lori ili iwake. Kamba niliifunga mimi mwenyewe. Iliwaka kweli, tukapiga makofi. Haikupita nusu saa ikajifunga kabisa: beringi zimeungua, krankshafti imechubuka kiasi cha kutochongeka tena. Msimu ule wanachama walilima kwa jembe la mkono, na deni la vipuri likabaki palepale. Tulipofungua tulikuta vifuniko viwili vya beringi vimebadilishana mahali.

Nachukua mfano wa Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, kwa kuwa nyingi katika hizo zina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3. Krankshafti yake hulala juu ya beringi kubwa 4. Kati ya chuma na beringi hubaki nafasi ndogo mno, karibu na unene wa unywele, na nafasi hiyo ni ya oili. Punje ya mchanga ikibaki nyuma ya beringi, nafasi imekwisha. Kwa hiyo injini isifungwe uwanjani upepo ukivuma, na fundi asiogope kuosha mara ya tatu.

Ikikaza, fungueni kwanza konrodi zote, krankshafti ibaki peke yake. Ikiwa sasa inazunguka kwa mkono, kosa liko kwenye konrodi au pistoni. Na kumbukeni kwamba ringi mpya huleta uzito kidogo, ambao si ugonjwa. Ikiwa bado imekaza, legezeni vifuniko vyote vinne, kisha kazeni kimoja kimoja kwa spana ya kipimo, mkizungusha kila mara. Kifuniko kitakachoizuia ndicho chenye habari. Tazameni namba yake na upande wake, toeni beringi, futeni mgongo wake na kiti chake.

Vyote vinne vikiizuia, shukuni vipimo. Krankshafti huchongwa kwa elfu za inchi, 10, 20 au 30, na beringi hununuliwa kwa namba hiyohiyo, ambayo imeandikwa mgongoni mwake. Shafti iliyochongwa 10 ikivikwa beringi ya 20, hakuna nguvu itakayoizungusha salama. Ikikaza mahali pamoja tu katika mzunguko, huenda imepinda. Hiyo irudi karakana yenye mikromita. Tena isukumeni mbele na nyuma: lazima icheze kidogo. Isipocheza, tazameni wosha za beringi ya nyuma. Mifereji yake ielekee krankshafti.

Kupiga tupa kifuniko au kutia karatasi chini yake ili shafti ilegee, hilo nakataa. Nchi hii iliyeyusha chuma chake yenyewe katika malungu, na baadhi ya tanuru hizo zingali zimesimama. Sioni kwa nini tuone haya kufungua bloki mara ya pili.

Ndugu Makatibu, hapa pana kazi yenu, ingawa hamshiki spana. Andikeni katika daftari la trekta kipimo cha uchongaji na namba ya beringi kabla ya kuagiza, maana kipuri kisichopatikana hapa hufuatwa Mbeya au Dar es Salaam, na kukirudisha ni safari nyingine. Beringi za zamani zisitupwe mpaka injini iwake. Tena msimlipe fundi malipo ya mwisho kabla katibu na mwanachama mmoja hawajaishika krankshafti na kuizungusha wenyewe, bloki ikiwa wazi.

Bloki moja iko hapa nje chini ya turubai, na kifuniko kimoja nimekigeuza makusudi. Twendeni mkakitafute.