Simu ya Bando kwa Biashara ya Mpakani



Mkoa wetu wa Songwe umepakana na Zambia na Malawi. Mfanyabiashara wa mahindi akimpigia mteja aliyeko Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, simu ya kawaida huhesabiwa kuwa ya kimataifa. Salio huyeyuka kabla bei haijaafikiwa. Simu ya intaneti, kama ya WhatsApp, hutumia bando, na dakika moja ya sauti kwa kawaida haifiki MB 1. Tena kwa simu ya video unaweza kumwonyesha mteja punje kiganjani kabla hajatuma lori.

Zingatia haya. Mtandao ukiwa dhaifu, zima picha, ubaki na sauti. Bakiza salio la kawaida, ili intaneti ikikatika biashara isisimame. Tarakimu za uthibitisho za WhatsApp zinazokuja kwa ujumbe mfupi usimtajie mtu yeyote.

Ndugu msikilizaji, leo jioni fungua daftari, jumlisha vocha za simu za nje ulizotumia mwezi uliopita, ulinganishe na bei ya bando. Ukiona tofauti, chukua hatua.