Mhudumu Akianguka, Iandikwe Siku Hiyo Hiyo

(Mazungumzo na wahudumu wa nyumba za wazee)

Leo nasema juu ya kuanguka, na si mzee kuanguka. Mzee akianguka, nesi huitwa na kitabu huandikwa. Lakini mhudumu akiteleza na karai la maji, wenzake wanasema pole, wengine wanacheka kidogo, naye anafunga mkono kwa kitambaa na kuendelea kuogesha watu. Baada ya wiki mbili mkono umevimba, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha aliumia wapi.

Tutazame sakafu. Mara nyingi deki hupigwa asubuhi, saa ile ile ya kuogesha wazee na kubeba chai. Sabuni isiposuuzwa, sakafu inakauka lakini utelezi unabaki, ukingoja tone la maji. Na aliyebeba rundo la shuka haoni miguu yake, sembuse mkongojo uliolala mlangoni. Basi tupige deki upande mmoja wa ukumbi, upande wa pili ubaki mkavu wa kupitia. Na hizi patapata, tafadhali, ziacheni nyumbani.

Mzee akianza kuanguka mikononi mwako, usimvute juu. Hapo ndipo viuno vyetu huharibika. Msogeze karibu na mwili wako, ateremke polepole kwenye mguu wako mpaka chini.

Sasa sheria. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya kuumia kazini haikudai uthibitishe kwamba mwajiri ndiye aliyekosea. Mwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo. Kwa mdomo inakubalika, lakini mimi nasema andika, maana matroni huhamishwa na maneno yake huenda naye. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kupeleka ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu ajali.

Najua wengine wanaogopa kufutwa, hasa vibarua. Hofu hiyo si ya bure. Lakini sheria ya usalama kazini, nayo ya 2007, inakataza mtu kufutwa kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari.

Daftari la kawaida linatosha. Andika saa, mahali, ulichokuwa umebeba, na nani alikuona. Haya, maswali. Naona mama wa pale nyuma ameinua mkono.