CHAKULA CHA BURE SI MKATABA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kampuni kubwa za kompyuta, na hasa jinsi wafanyakazi wao wanavyoiona kazi yao. Vijana wetu wengi wanatamani kuandikwa huko, na wengine hutuuliza, "Huko mtu hupewa kila kitu. Chama ni cha nini?" Swali hili linataka jibu la kweli. Kwa hiyo nimechagua kampuni moja, Google, yenye makao yake makuu Mountain View, katika jimbo la California, Marekani. Nimeichagua kwa sababu wafanyakazi wake wenyewe wamesema mengi hadharani.

Kwanza tuyataje mazuri, kwa maana ni ya kweli. Mwaka 2004, kampuni ilipoanza kuuza hisa kwa watu wote, waanzilishi wake wawili, Larry Page na Sergey Brin, waliwaandikia wanunuzi wa hisa barua. Walisema wafanyakazi wao wanapewa chakula bure, madaktari, na hata mashine za kufulia nguo. Walisema pia kwamba wanawahimiza watumie sehemu moja katika tano ya wakati wao kwa kazi wanayoona wenyewe itafaa kampuni. Tena wakasema mambo hayo mema yatarajiwe kuongezwa, si kupunguzwa. Mishahara ni mikubwa. Gazeti la Fortune liliiweka kampuni hiyo mahali pa kwanza Marekani kwa uzuri wa kazi miaka sita mfululizo, toka 2012 hata 2017. Basi mtu akisema wafanyakazi hao waliipenda kazi yao, hasemi uongo.

Lakini ndugu zangu, ukitaka kujua kama kazi ni nzuri, uliza kwanza unasema na nani. Pale Google mfanyakazi wa kudumu huvaa beji nyeupe. Yule aliyeletwa na kampuni ya katikati, kwa kazi ya muda au ya kandarasi, huvaa beji nyekundu. Wanaingia jengo moja na pengine wanafanya kazi ile ile, lakini marupurupu si mamoja. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilieleza kuwa hao wa muda na wa kandarasi walikuwa kama 121,000, na wa kudumu kama 102,000. Yaani wengi walikuwa ni wale tunaowaita sisi vibarua. Sifa za magazetini zilikuwa sifa za beji nyeupe.

Jambo la pili ni sauti. Wenye beji nyeupe walizoea kukutana na wakubwa wao kila wiki na kuwauliza maswali waziwazi. Mwaka 2018 zaidi ya 3,000 walitia sahihi barua ya kupinga kazi ambayo kampuni ilikuwa ikilifanyia jeshi la Marekani, na mkataba huo haukuendelezwa ulipokwisha. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, wafanyakazi kama 20,000, katika miji mingi ya dunia, walitoka nje ya ofisi. Walikasirika kusikia kuwa mkubwa mmoja aliyeshtakiwa kwa kumdhulumu mwanamke aliondoka na mamilioni ya dola. Walitoa matakwa yao. Moja lilikubaliwa mwaka 2019: mfanyakazi asilazimishwe tena kupeleka malalamiko yake faraghani badala ya mahakamani. Lingine, kwamba mfanyakazi apewe kiti katika baraza la wakurugenzi, halikukubaliwa. Na mwisho wa mwaka 2019 ule mkutano wa kila wiki ukafanywa wa kila mwezi. Mkutano ulioletwa na tajiri, tajiri huweza kuuondoa.

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Tarehe 20 Januari 2023 kampuni ilitangaza kwamba itawapunguza watu kama 12,000. Huko Marekani wengi walipata habari kwa barua pepe usiku au alfajiri, na walipojaribu kufungua kompyuta zao wakakuta wamefungiwa nje. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi. Lazima tuwe na haki tunaposema: walilipwa siku zao za notisi, na juu yake wiki 16 za mshahara pamoja na wiki 2 kwa kila mwaka wa kazi. Si fedha kidogo. Lakini hakuna aliyeulizwa neno. Hakuna mjumbe aliyekaa mezani kuuliza kwa nini huyu na si yule. Mwezi Machi mwaka huo huo, wakaambiwa kuwa migahawa na vyumba vya vinywaji navyo vitapunguzwa. Ile barua ya 2004 haikuwa mkataba.

Sikilizeni jambo hili vizuri. Katika tangazo lile lile la Januari, mkubwa wa kampuni, Sundar Pichai, alieleza kwamba katika nchi nyingine shughuli hiyo itachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ya sheria na desturi za huko. Kampuni ni ile ile, tajiri ni yule yule, siku ni ile ile. Mmoja anafungiwa mlango alfajiri, na mwingine hawezi kuguswa mpaka mashauri yafanywe. Tofauti yao haikuwa elimu wala bidii. Ilikuwa sheria, na nyuma ya sheria hizo kuna wafanyakazi waliozipigania.

Sisi hapa Kenya tunayo yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kuwa tajiri akitaka kupunguza watu, na mfanyakazi ni mwanachama, lazima akijulishe chama chake pamoja na ofisa wa kazi, mwezi mmoja kabla, na aeleze sababu. Tena amlipe mfanyakazi si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Siku 15 ni haba kuliko zile fedha za California. Lakini hizo ni haki yako, si hisani. Nguo ya kuazima haisitiri.

Na beji nyekundu imekwisha kufika kwetu, ingawa hapa haionekani kwa rangi. Vijana wa Nairobi wamekuwa wakitazama picha za mauaji na ukatili siku nzima ili ziondolewe katika mitandao ya kampuni kubwa za ng'ambo, nao wameandikwa na kampuni za katikati. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama. Mwaka 2024 Mahakama yetu ya Rufani iliamua kwamba Meta, mwenye Facebook, aweza kushtakiwa hapa Kenya. Huko Marekani nako, tangu Januari 2021, wafanyakazi wa Google wana chama kinachopokea beji nyeupe na nyekundu pamoja, na kila mwanachama hutoa asilimia 1 ya mapato yake. Bado ni wachache, na kampuni hailazimiki kufanya nao mkataba wa pamoja. Lakini wameona tulichokiona sisi zamani.

Basi, tukimjibu yule kijana, tumwambie hivi: kama kazi ni nzuri, ishike na uishukuru. Ila uulize ni lipi katika uzuri huo limeandikwa na kutiwa sahihi na pande mbili.

Nasi tusiseme tu. Naomba kila mjumbe wa kazini, kabla ya mkutano ujao, asome sehemu ya mkataba wetu inayohusu kupunguzwa kazi, na awasomee wenzake wakati wa chai. Pia atuletee hesabu ya vibarua walio mahali pake: ni wangapi, wameandikwa na nani, na wangapi wana kadi ya chama. Tusipojua hesabu hiyo, hatujui nguvu yetu.