JUA LA UGENINI SI LA KUSHINDANA NALO

(Maneno yaliyosemwa Kaaga, Meru, mbele ya wanachama, wazazi, na vijana wanaojitayarisha kwenda kazini ng'ambo)



Huenda wengine wenu wanajiuliza, watu wa reli wana neno gani la kusema hapa Kaaga, na reli yenyewe haikufika Meru? Ni kweli. Reli ya upande huu ilifika Nanyuki ikakoma hapo. Kwa hiyo mtu wa Meru akiandikwa kazi ya njia ya reli, mara nyingi hupelekwa chini, Makindu, Mtito Andei, Voi, mpaka Mariakani. Sisi tumetoka katika baridi hii ya mlimani tukaenda kufanya kazi kwenye jua kali, mbali na kwetu. Ninyi sasa mwataka kwenda Qatar, Saudia, Dubai, Kuwait na Oman. Jua lenu litakuwa kali kupita letu. Lakini mwili ni ule ule, na makosa ni yale yale. Basi tumekuja kuwaambia makosa yetu, ili msiyarudie.

Kwanza twataka kusema juu ya chuma. Reli ya mtindo wa zamani huungwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande sisi huacha nafasi ndogo. Mgeni akiiona hudhani ni kazi mbovu. Sivyo. Chuma kikipata joto hurefuka. Kipande cha mita 12, joto lake likipanda digrii 30, hurefuka milimita 4 hivi. Usiku huko Voi reli yaweza kuwa na digrii 20, na saa nane mchana reli hiyo hiyo ikapita digrii 50. Ikikosa nafasi, husukumana, ikapinda kama nyoka, na treni ikianguka watu hufa. Kwa hiyo wahandisi wameandika katika vitabu nafasi iwe kiasi gani, na siku ya joto kali treni huamriwa kwenda polepole. Hakuna aliyewahi kuiambia reli, "Jikaze!"

Lakini mtu huambiwa ajikaze.

Miaka michache iliyopita tuliletewa kijana katika genge letu, kutoka milimani kama sisi. Alifika Jumatatu. Jumanne alianza kubeba mataruma na kupiga kokoto pamoja nasi tuliokwisha zoea. Alikuwa na nguvu, akataka tumwone kuwa mwanamume. Sisi tulimsifu. Jumatano saa saba mchana alianza kusema maneno yasiyo na maana, akatupa kofia, akatukana mnyapara, akatembea kama mlevi. Mnyapara alisema amelewa. Na sisi, ndugu zetu, tulicheka. Twalisema jambo hili kwa aibu, lakini hatuna budi kulisema. Tulicheka mpaka alipoanguka juu ya kokoto.

Mzee mmoja wa Ukambani katika genge letu ndiye aliyejua. Alipiga kelele, tukambeba kijana mpaka chini ya mti, tukamvua shati na viatu, tukammwagia maji yote tuliyokuwa nayo, mengine yakampepea kwa magunia, mpaka gari likaja. Hospitali walituambia joto la mwili lilikuwa limepita digrii 40, na kama tungaliendelea kucheka nusu saa tu, tungalibeba maiti. Kijana alipona, lakini hakurudi kazini. Mpaka leo akikaa juani kidogo kichwa humuuma.

Baadaye ndipo tulipojifunza lililompata. Idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini yasema ya kuwa karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini, na zaidi ya 70 katika kila 100 hutokea katika wiki ya kwanza. Mwili wa mtu wa baridi huhitaji wiki moja hadi mbili kujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Nguvu za kijana hazipunguzi siku hizo. Shauri lao ni kwamba mfanyakazi mgeni afanye kazi ya joto sehemu moja katika tano siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu moja kila siku.

Sasa fikirini kijana wa Kaaga. Mwezi wa Julai hapa petu kuna ukungu, watoto huenda shule na sweta. Mwezi huo huo Doha na Riyadh joto hufika digrii 45 na kupita. Tena pwani ya Ghuba, hewa hujaa unyevu wa bahari. Jasho hupoza mwili linapokauka tu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho hutiririka bila kukauka, na mwili hubaki na joto lake. Ndiyo sababu digrii 38 zenye unyevu zaweza kumwangusha mtu aliyezoea digrii 42 kavu. Mwenye kuondoka hapa Julai huanguka kutoka ukunguni mpaka motoni kwa usiku mmoja wa ndege.

Basi shikeni haya.

Maji. Kunywa kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 au 20, kabla ya kiu kukujia. Usipite lita moja na nusu kwa saa moja, maana maji mengi mno bila chumvi nayo hudhuru. Kula chakula chenye chumvi. Ukitoka jasho jingi au ukiharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Tazama mkojo wako: ukiwa wa rangi nzito kama chai ya rangi, umechelewa kunywa. Mwenye kukosa maji siku nyingi huharibu figo, na figo hazirudi.

Nguo. Msivue mashati. Nguo pana, nyepesi, ya rangi nyeupe, yenye mikono mirefu, yafaa kuliko ngozi tupu. Funika shingo, na ukiweza lowesha kitambaa hicho.

Miraa. Twajua tunasema haya Meru, na wengi wenu mmesomeshwa kwa miraa. Lakini miraa huongeza mapigo ya moyo na joto la mwili, nayo humfanya mtu asisikie uchovu unaomwonya. Tena katika nchi hizo ni marufuku kabisa, na anayepatikana nayo hufungwa jela. Iacheni hapa.

Usingizi. Mwili hupoa usiku. Mtu alalaye katika chumba cha joto na watu wengi, asubuhi huanza kazi akiwa amekwisha choka. Kwa hiyo mahali pa kulala ni jambo la kazi, si jambo la anasa. Liulizeni kabla ya kutia sahihi.

Dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi: acha kazi, kaa kivulini, kunywa. Lakini mwenzako akianza kusema ovyo, kutembea kama mlevi, au kuzimia, hiyo ni hatari ya kufa. Ita gari la wagonjwa mara moja, mvue nguo nzito, mmwagie maji baridi, mpepee, weka barafu shingoni na kwapani. Asiyejitambua usimnyweshe. Na msicheke. Kila mtu awe na mwenzake wa kumtazama, kwa kuwa mwenyewe hajui anapoanza kupotea.

Sasa twaja kwenye sheria. Wengine hudhani jua ni kazi ya Mungu na hakuna la kufanya. Lakini hata serikali za Ghuba zimekubali ya kuwa kuna saa ambazo mtu hapaswi kufanya kazi juani. Qatar, kwa amri ya mwaka 2021, kazi za nje juani zakatazwa tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9.30 alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Tena kuna kipimo kinachohesabu joto, unyevu, jua na upepo pamoja. Kikipita 32.1, kazi hiyo yapasa kusimama saa yo yote. Saudia wakatazwa tangu saa 6 mchana hadi saa 9, na nchi za Falme za Kiarabu tangu saa 6.30 hadi saa 9, tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba. Andikeni saa hizi katika karatasi na muwe nazo mfukoni.

Hata hivyo msidanganyike. Amri hizo ni za kazi za nje. Binti aliye jikoni, au anayelala katika chumba cha juu ya paa, amri ya saa za mchana haimlindi. Vilevile joto la saa 3 asubuhi laweza kuwa kali, na mlinzi anayesimama mlangoni mwa jengo saa kumi na mbili huweza kuonewa hata amri ikiwapo. Naye ambaye deni la wakala liko juu ya kichwa chake huogopa kusema.

Na hapa ndipo palipo na shida kubwa kuliko jua. Huko Qatar sheria ya kazi haimruhusu mgeni kuunda chama cha wafanyakazi, na Saudia na Falme za Kiarabu hakuna vyama kama hivi vyetu. Mkenya mmoja, Malcolm Bidali, aliyekuwa mlinzi huko Qatar, aliandika juu ya maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Mwezi wa Mei 2021 alikamatwa, na baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000 kabla ya kuondoka nchi hiyo. Hatusemi hivi ili kuwatisha. Twasema ili mjue ya kuwa sauti ya mtu mmoja peke yake ni nyembamba.

Sisi hapa tunacho chama, na twataka mjue kilifanya nini. Baada ya kijana yule kuanguka, hatukugombana na mnyapara. Tulikaa, tukaandika barua, tukataka mambo matatu: kazi nzito ianze alfajiri na kusimama mchana, pipa la maji ya kunywa lifuate genge, na mgeni wa kutoka baridi apewe kazi nyepesi wiki ya kwanza. Tulitaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, isemayo kwamba mfanyakazi akitoa habari ya hatari kubwa iliyo karibu, asirudishwe mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Tulitaja pia Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, inayomtaka mwajiri kutoa maji safi ya kutosha. Ilichukua miezi mingi. Saa tulipata, na maji tulipata. La tatu bado tunalidai, na hatutaliacha.

Ndugu, hili si letu peke yetu. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2024 ya kuwa wafanyakazi bilioni 2.4 hukutana na joto la kupita kiasi kazini. Wakulima, wajenzi, watu wa reli na wapishi, wote wamo. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka vibarua wa shamba la mizabibu, walionung'unika kwamba wamechukua taabu na hari ya mchana kutwa. Mafundisho ya mfano ule tunawaachia wahubiri. Lakini walijua kuihesabu hari kuwa sehemu ya kazi.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Mtoto wako akipiga simu kutoka Ghuba mwezi wa Julai, usianze na "Umetuma?" Uliza kwanza, "Unalala wapi? Unapewa maji? Mchana unapumzika?" Watoto wengi hawasimami kivulini kwa sababu wanakumbuka karo, na mkopo, na jina la nyumbani. Wewe mzazi ukimpa ruhusa ya kupumzika, atapumzika. Kabla hajaondoka, hakikisheni wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na someni mkataba pamoja naye, sebuleni, maneno yote. Wekeni nakala ya mkataba na ya pasipoti nyumbani, na namba ya simu ya ubalozi wetu. Nanyi mnaosafiri wengi kutoka kijiji kimoja, jueni kila mmoja yuko wapi, mpigiane simu kila juma. Kama chama hakiruhusiwi, kujuliana hali hakujakatazwa.

Sisi tutarudi chini Jumatatu. Tutapima nafasi za reli kama kawaida, na kila tukizipima twamkumbuka yule kijana. Chuma kimepewa nafasi yake katika kitabu. Mtu naye apewe yake, na asipopewa, tuidai pamoja.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi, wafanyakazi wenzenu wa njia ya reli.