Tutulie Kidogo, Baridi Imeingia

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kinangop)

Sogeeni kwa jiko. Lakini dirisha liacheni wazi kidogo. Makaa yana hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki, na huua watu waliolala na jiko katika nyumba iliyofungwa.

Ndugu zangu, mvua ya masika imepita. Kuanzia Juni mpaka Agosti, huku kwetu ukungu unafunika mashamba na jua tunalitafuta. Ng'ombe hawana likizo, lakini jembe limepumzika kidogo. Wengine husema huu ni wakati wa bure. Mimi nasema huu ni wakati tuliopewa wa kutulia na kujiangalia.

Niwaambie jambo lililonipata. Kuna kikundi fulani cha akina mama nilichokuwa nikikitembelea. Mama mmoja alikopa shilingi 3,000, halafu akakosa mikutano mitatu. Kamati ikaamua mbuzi wake achukuliwe. Mimi nami nilikubali. Sheria ni sheria, si ndiyo?

Siku ya kwenda kumchukua huyo mbuzi ilikuwa Julai, baridi kali. Katibu alikuwa amesahau kitabu, akarudi nyumbani kukileta. Tukabaki tumezunguka jiko, mikono ndani ya shuka, hakuna anayesema neno. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha nyanya mmoja akauliza polepole, "Kati yetu, ni nani ameingia kwa huyu mama tangu apotee?"

Jamani, hakuna hata mmoja! Hata mimi, mwenye kazi hiyo, sikuwa nimeenda.

Tuliondoka hapo na kuni na unga badala ya kamba ya mbuzi. Kumbe mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali, na aliona haya kuja mkutanoni mikono mitupu. Deni alililipa kidogo kidogo, likaisha. Mbuzi alibaki kwake, na yeye akabaki kwetu.

Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mwaka wa 1961 Papa Yohane XXIII alizipendekeza kwa Wakristo katika barua yake Mater et Magistra. Mimi nilizisoma chuoni na nikawafundisha wengine. Lakini siku ile tulikuwa tumeamua kabla ya kuona. Kelele za mikutano zilituficha macho.

Hata Bwana wetu, Injili ya Marko inasema, aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo watu kusali. Wanafunzi walipompata, alijua tayari pa kwenda: vijiji vingine vilivyokuwa vikimngoja.

Basi nawaomba hivi. Msimu huu wa baridi, kila mkutano uanze kwa kimya cha dakika tano kabla ya kufungua kitabu. Si kusinzia! Kila mtu ajiulize moyoni: Ni nani hajaonekana? Nimeenda kwake? Na mimi mwenyewe, nimemkosea nani?

Baada ya hapo fungueni kitabu. Hesabu zitakuwa zilezile, lakini mtaona pia watu walioandikwa humo.

Haya, chai isipoe.